Insha ni zangu, alama ni zake

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza. Nafundisha mwanafunzi mmoja mmoja, jioni, wengine kwao na wengine kwangu. Ni mwaka wa 6 sasa, na sikuwahi kuionea haya kazi yangu hadi mwezi uliopita.

Kuna binti wa miaka 16 ninayemfundisha tangu mwaka jana. Alipoletwa kwangu alikuwa anapata 9 au 10 kati ya 20 kwenye insha za shule. Ni mpole, msikivu, daftari lake safi. Makosa yake yalikuwa yale ya sisi tunaofikiri kwa Kiswahili: bibi anaanza aya akiwa 'she', akifika katikati kawa 'he', maana kwetu wote ni 'yeye' tu. 'The' zinadondoka zinapotakiwa, halafu zinaibuka mbele ya majina ya watu. Jana na leo zinagombana ndani ya sentensi moja. Mambo ya kurekebishika kwa subira.

Nilianza vizuri. Nilikuwa napiga mstari chini ya kosa, namuuliza kuna nini hapo, anarekebisha mwenyewe. Lakini tunakutana kwa muda wa saa moja na nusu tu, mara mbili kwa wiki, na mama yake alitaka kuona alama zinapanda. Siku moja akaja na insha ya kukusanywa kesho yake, rasimu haina kichwa wala miguu. Nikamwandikia utangulizi, "kama mfano tu". Akapata 14. Iliyofuata nikamwandikia utangulizi na hitimisho. Baada ya hapo ikawa desturi: naichukua rasimu, nakaa nayo na kalamu nyekundu, nikimaliza karatasi nzima ni nyekundu, yeye anainakili upya kwa kalamu ya bluu. 17. Kisha 18. Mwalimu wake wa shule akaisoma moja mbele ya darasa.

Nilijiambia anajifunza kwa kunakili kilicho kizuri. Bado sehemu yangu moja inaamini hivyo.

Jumapili moja mama yake akanipigia, kaweka simu kwenye spika. Wajomba na mashangazi wamekaa, binti anawasomea insha yake ya usiku wa dhoruba. Nikaisikia sentensi yangu. Nakumbuka hata nilikuwa nimekaa wapi nilipoitunga. Watu wakapiga makofi, mama akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki." Nikajibu amina. Ningesema nini?

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Dakika 45, maswali mawili, achague moja: amwandikie barua mkuu wa shule kupendekeza mabadiliko ya ratiba, au amweleze mzee mmoja anayemfahamu. Akachagua mzee. Akapata 7.

Karatasi nimeiona. Aya ya kwanza ni mawingu meusi na radi, yaani ile dhoruba yangu, neno kwa neno, imepachikwa mbele ya habari za mzee. Chini yake kuna mistari minne iliyokatwakatwa. Halafu kipande kifupi kuhusu bibi yake, ambaye kila jioni anaivuta redio karibu na kiti chake wakati wa taarifa ya habari, ingawa ilishakufa zamani. Ukimuuliza, anasema inapumzika. Bibi huyo ni 'he' mara tatu na 'she' mara mbili. Baada ya hapo sentensi imekatika njiani, muda ukaisha.

Mama anaamini ni woga wa mtihani. Anataka niongeze siku ya tatu kwa wiki na yuko tayari kuilipia. Binti mwenyewe alinisubiri mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nakuomba usimwambie mama. Wewe niandikie insha 5, kila aina moja, nizishike kichwani. Mimi kumbukumbu ninayo." Kweli anayo, dhoruba imeshuhudia.

Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki 9. Nikiandika hizo insha 5, nazidi kuzama. Nikimwambia mama, namwaibisha binti kwa ukoo mzima, na mimi napoteza kazi, kwani wanafunzi wangu wanne wameletwa na mama huyuhuyu. Nikijiondoa kimya, namtupa mtoto mtoni katikati. Nifanye nini?

Mwalimu wa Jioni

* * *

Marahaba, mwalimu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeufunua wako bila kujipaka mafuta. Hata ile "amina" umeileta, na ungeweza kuiacha nje ya barua.

Nikikuelewa vyema, jambo lilianza kama msaada wa usiku mmoja. Likalipa, likawa mazoea, na mazoea yakazaa mwanafunzi wa karatasi anayepata 18 na mwanafunzi wa kweli ambaye hamjamwona kwa muda mrefu, si wewe, si mama yake, wala yeye mwenyewe. Mtihani wa majaribio ukamtoa hadharani. Sasa una siri ya watu wawili, mama asiyejua, wiki 9, na riziki yako iko katikati ya hayo yote.

Kabla ya kuingia kwenye "nifanye nini", naomba tuyaguse mambo matatu ambayo barua yako imeyachukua kama yamekwisha kuthibitika.

La kwanza ni kwamba hajui kuandika. Hukuliandika hivyo waziwazi, lakini limetanda barua nzima. Ushahidi wako ni karatasi moja. Mwaka 1912, Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walizituma karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza kwa walimu zaidi ya mia wa sekondari wazisahihishe. Karatasi ileile, ikisomwa na macho tofauti, ilipata alama zilizopishana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Usinielewe vibaya: kutoka 18 hadi 7 hakuelezeki kwa ukali wa msahihishaji, na sote wawili tunaijua sababu. Ninachosema ni kwamba 7 hiyo ni ya mtu ambaye hajatunga insha yake mwenyewe tangu sijui lini, akakalishwa dakika 45 bila kalamu nyekundu pembeni. Ukimkataza mtu kutembea mwaka mzima halafu siku moja ukampima mbio, umepima kitu gani?

La pili ni hilo la kujifunza kwa kunakili, ambalo sehemu yako moja bado inaliamini. Mimi pia naliamini, kwa kiasi. Kunakili maandishi mazuri ni njia ya kale ya kufundisha, nayo haina ubaya. Ila aliyenakili ili ajifunze huwa anajua ananakili nini na kwa nini kila neno limekaa pale. Binti yako alinakili majibu ya maswali ambayo hakuwahi kukwama nayo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichunguza jinsi mkufunzi anavyomsaidia mtoto wa miaka 3 hadi 5 kujenga piramidi ya vipande vya mbao, wakaufananisha msaada huo na jukwaa ambalo mafundi hulizungushia jengo: linasimama kwa muda, linapunguzwa kadiri ukuta unavyopanda, mwisho linaondolewa. Wewe jukwaa ulilijenga vizuri sana, mwalimu. Limependeza hata watu wakalipigia makofi. Ukuta ndio haukupanda.

La tatu nalisema kwa upole, maana linauma. Umeandika kwamba ukimwambia mama utamwaibisha binti. Inawezekana, na yeye mwenyewe kakusihi unyamaze. Lakini katika sentensi hiyohiyo umetaja kazi yako na wanafunzi wanne. Sikulaumu; kodi hailipwi kwa usafi wa moyo. Naomba tu uzitenganishe hofu hizo mbili, uziandike kwenye karatasi mbili ukipenda, kwa sababu zikikaa pamoja ile ya kwako hujificha nyuma ya ile ya mtoto na kuzungumza kwa sauti yake.

Kuna swali pia ambalo barua yako haikuligusa, na kwangu ni zito kuliko yote: zile 17 na 18 zinaingia kwenye matokeo ya mwisho? Shule na mabaraza ya mitihani hutofautiana. Kwingine insha za darasani ni mazoezi tu, kwingine hubeba sehemu ya alama za mwaka. Kama ni mazoezi, jambo hili linabaki baina yenu na familia. Kama zinahesabiwa, basi kazi ya mtu mwingine imewasilishwa kwa jina la mwanafunzi, na baraza likigundua, anayeweza kufutiwa matokeo ni yeye, si wewe. Tafuta jibu la hilo wiki hii, kabla hujaamua lolote. Na ukikuta zinahesabiwa, insha yoyote inayosubiri kukusanywa iende kwa mkono wake, hata kama ni ya 9.

Sasa njia zenyewe.

Insha 5 za kukariri. Naelewa kwa nini zinavutia: mtoto ana kumbukumbu, wewe una kalamu, muda ni mfupi. Tatizo umeshaliona kwa macho yako, dhoruba iliyoangukia habari za mzee wa watu. Wasahihishaji husoma karatasi kwa mamia, na aya ya kukariri huijua kama mtu anavyoijua nguo ya kuazima: haiketi mabegani. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kanuni zake za kupima uandishi zilizo wazi kwa umma zinasema kwamba jibu likithibitika kuwa limekaririwa lote, hupewa sifuri. Mtihani wa shule huenda usifike huko, lakini hata palipo na msahihishaji mpole, insha isiyojibu swali hupoteza alama za maudhui, na hizo huwezi kuzifidia kwa sarufi.

Hata hivyo, nisingependa umwage maji ya kuogea pamoja na mtoto. Yapo ya kukariri kihalali: umbo la barua rasmi, anwani zinakaa wapi, mtu anafungaje barua kwa heshima, maneno machache ya kuunganisha hoja, tahajia za maneno yanayomsumbua. Kumbukumbu yake ni kipaji, na kinaweza kubeba mzigo huo. Mpaka uko mahali ambapo fikra zinaanza. Umbo la barua ni la kila mtu. Sababu ya kutaka ratiba ibadilishwe lazima iwe yake.

Kujiondoa kimya. Umesema itakuwa kumtupa mtoni katikati, nami naongeza kwamba mwalimu atakayekuja baada yako ataonyeshwa daftari la 18 na kuanzia hapo. Wako wanaoondoka kwa heshima, lakini huacha nyuma maelezo ya kweli. Kuondoka bila maelezo ni kumwachia mtoto siri aibebe peke yake.

Kubadilisha ufundishaji bila kumwambia mama. Nadhani hii ndiyo inayokunong'oneza usiku, ingawa hukuitaja. Ina mazuri yake. Wiki 9 kwa vipindi viwili ni vipindi 18, na si haba. Nusu ya kila kipindi aandike, dakika 45 kamili, wewe ukiwa umenyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko kwake. Shika kikombe, shika chochote kisicho kalamu. Dakika 5 za mwanzo apange hoja kwa maneno machache, hata kwa Kiswahili kama ndiko zinakotoka. Nusu ya pili msome pamoja alichoandika. Usisahihishe kila kosa. Chagua aina moja au mbili kwa wiki, na kwa huyu ningeanza na 'he' na 'she', kwa sababu ni kosa analoweza kulikamata peke yake: dakika 3 za mwisho anapitia karatasi akimtafuta bibi tu, kila anapotajwa, anamuuliza wewe ni nani hapa. Kalamu nyekundu iwe mkononi mwake.

Na umpe maoni kabla ya alama, au hata bila alama. Ruth Butler alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1988 kwamba wanafunzi walioandikiwa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na wale waliopewa vyote viwili hawakufaidi maoni. Macho yalikwenda kwenye namba yakaishia hapo. Kwa familia inayosoma 18 kwa spika, hilo ni la kufikiria.

Lakini angalia njia hii inaelekea wapi. Siku utakapoweka kalamu chini, insha za shuleni zitashuka. Itakuja 11, labda 10. Mama ataiona kwa macho yake, na atakupigia simu. Kwa hiyo habari hii inakwenda kwa mama kwa njia yoyote utakayochagua, isipokuwa ile ya kuendelea kumwandikia, na hata hiyo itafika siku ya matokeo. Swali lililobaki mkononi mwako ni nani ataifikisha, wewe au karatasi.

Kumwambia mama basi. Hatari zake umezihesabu na ni za kweli. Anaweza kukasirika, akakuondoa, akawaambia wale wazazi wengine. Anaweza kumgeukia binti kwa maneno makali, tena baada ya kumsifu mbele ya wajomba, na mtoto akaingia mtihanini amevunjika. Siwezi kukuahidi hayatatokea. Ninachoweza kusema ni kwamba mengi yanategemea mpangilio. Ukienda kwa mama bila binti kujua, umemsaliti aliyekuamini mlangoni. Ukikaa na binti kwanza, ukamwambia, "Insha 5 sitaandika, kosa ni langu mimi niliye mkubwa, na nataka mama yako alisikie kutoka kwangu; ungependa uwepo au usiwepo?", unampa nafasi ya kuchagua kitu katika jambo hili ambalo hajachagua chochote. Anaweza kulia. Anaweza pia kupumua. Watoto wanaosoma insha zisizo zao mbele ya ndugu hubeba mzigo ambao sisi watu wazima hatuuoni kwa sababu ya makofi.

Na kwa mama, anza na la kwako: nilimsaidia kupita kiasi, alama zile zilikuwa na mkono wangu mwingi, woga si tatizo kubwa, na hivi ndivyo ninavyotaka kufanya wiki 9 zilizobaki. Mweke karatasi ya majaribio mezani. Asipoelewa Kiingereza vizuri, mtafsirie kipande cha redio. Mzazi akipewa kosa pamoja na mpango, hupata mahali pa kuipeleka hasira yake.

Kuna jambo moja tu ambalo sina subira nalo, nawe utanisamehe. Siku ya tatu. Usiipokee fedha yake huku mama akiamini ananunua dawa ya woga. Mengine yote tunaweza kuyapima huku na huku, lakini hilo nisingelibeba. Kama mtaongeza siku, iwe baada ya mazungumzo. Au uitoe bure, ukiona inakutua.

Siwezi kukuchagulia. Wewe ndiye unayemjua mama huyu, kama ni wa kusikiliza hadi mwisho au wa kukatiza katikati. Unajua pia kodi yako inakaribia lini. Huenda ukaamua kuanza kufundisha upya leo na kuzungumza na mama baada ya wiki mbili, ukiwa na insha tatu za binti mkononi ambazo ni zake kweli, mbaya kwa mbaya, ili usiende mikono mitupu. Huenda ukaona wiki mbili hizo ni njia nyingine ya kukimbia. Utajijua mwenyewe, kwa jinsi utakavyokuwa unahesabu siku.

Nirudi kwenye karatasi ya 7. Ulipoieleza, ulipita haraka kwenye kipande cha bibi, ukahesabu 'he' tatu na 'she' mbili kama msahihishaji. Mimi nilisimama hapo. Bibi anaivuta redio iliyokufa karibu na kiti, kila jioni, wakati wa taarifa ya habari, na akiulizwa anasema inapumzika. Dhoruba yako nimeshaisahau, na hiyo redio bado naiona. Neno 'insha' tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kuunda, kuanzisha kitu. Katika karatasi nzima, kitu kilichoundwa na mtoto huyu ni hicho, kilichobanwa katikati ya mistari aliyoikata na muda uliokwisha.

Je, ulimwambia? Katika kuzungumza kote kuhusu ile 7, kuna mtu yeyote aliyemwambia kwamba kile kipande cha redio ni kizuri, na kumuuliza bibi hufanya nini taarifa ya habari ikiisha?